Alama ya Nyumbani

Jumatatu asubuhi, alama ya nyumbani kwenye ramani ya gari ilikuwa imehama kutoka kwao na kukaa kwa jirani mwenye kuku. Mkunga ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa ameketi kiti cha abiria na mkoba wake wa kazi magotini, akimsubiri mumewe afunge geti, na hapo kwenye kioo cha dashibodi kale kanyumba ka buluu kanakokaa kila siku juu ya paa lao kalikuwa juu ya banda la watu wengine.

"Baba Pacha, hii ramani yako imelewa," alisema.

Mumewe aliitupia jicho mara moja, akawasha gari. "Hatua thelathini tu, mke wangu. Nani anapotea kwa hatua thelathini?"

Wakaenda zao kazini. Hilo ndilo linalonichemsha mimi ninayesimulia. Watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, waliona nyumba yao imehamishwa na wakacheka.

Mume alikuwa fundi wa friji. Kwa miaka ishirini na miwili alizunguka mji na spana zake, na njia alizijua kwa magonjwa ya friji za watu: unapinda kulia penye friji inayovuja, unanyoosha hadi kwa yule mama aliyeunguza kompresa, kushoto kwa mwalimu asiyefunga mlango wa barafu. Hakuhitaji ramani hata siku moja. Halafu wakanunua gari lililokwishatumika, lenye ramani iliyojengwa humo humo kwenye dashibodi, na muuzaji akawaambia kwamba miezi mitatu ya kwanza ni bure, baada ya hapo ni kulipia kila mwaka au kioo kizimwe.

Miezi mitatu wakabishana. Fundi alisema kioo ni kikubwa, hakimezi chaji, hakitegemei mtandao, wala hakikatizwi na mtu anayepiga simu katikati ya njia panda. Mkunga alisema simu inafanya kazi ile ile bila malipo, tena inajua barabara iliyofungwa jana, wakati hilo dude la kwenye gari bado linaonyesha soko lililobomolewa zamani.

"Ulipe mtu akuonyeshe njia ya kwenda kwako mwenyewe?" alimwuliza. "Wewe? Ambaye friji ya mke wako imekushinda?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Jikoni mwao kulikuwa na friji ambayo kwa miaka minne ilikuwa inagonga mara tatu, inanyamaza, kisha inaguna kwa muda mrefu hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Kila Ijumaa fundi aliahidi kuitengeneza, na kila Ijumaa alikuwa kwenye friji za wenzake. Mkunga alikuwa na mdomo usio na kifuniko, na friji ile ilimpa cha kusema kila siku.

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu, fundi aliingia ndani ametabasamu hadi magego. "Wameniongezea," alisema. "Bure. Maisha yote."

"Nani kakuongezea?"

"Wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

Fundi akachukua taulo akaenda kuoga. Kesho yake ndiyo ile Jumatatu.

Jumanne alama ilikuwa ng'ambo ya barabara. Jumatano ilikuwa kwenye duka la rangi. Ilikuwa inatembea, kidogo kidogo, ikielekea upande mmoja tu, kule juu kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Na ndani ya gari kukaanza harufu. Ilikuwa harufu ya jiwe lililopasuliwa sasa hivi na kumwagiwa maji, baridi, yenye baruti kwa mbali. Mkunga aliosha mazulia ya gari kwa sabuni mara mbili. Ijumaa aliikuta harufu ile ile kwenye kola ya shati la mumewe.

"Unapita machimboni?"

"Sipiti. Kwa nini nipite machimboni?"

Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na macho yake yalikuwa yanatafuta kitu ukutani. Jumamosi alitoka kwa miguu kwenda kununua mkate, duka la nne kutoka kwao, na hakurudi mpaka jirani mwenye kuku alipomleta amemshika mkono. Alikuwa amesimama kwenye kona, jirani alisema, anageuka huku na huku kama mtu aliyefika mji mgeni. Mkunga alimjia juu pale pale mbele ya jirani, akamwita mzembe, akamwita kichwa cha boga. Fundi aliinama tu. Bila ile sauti ya kike ya ramani ya gari kumwambia pinda, hakujua tena kupinda.

Wiki ya pili, jioni, jua likiwa bado halijazama, fundi hakurudi kutoka kazini. Mkunga alimpigia simu.

"Uko wapi, Baba Pacha?"

"Nipo nyumbani," fundi alisema kwa kunong'ona. "Nimeshavua viatu. Nimekaa sebuleni. Wewe uko wapi?"

Mkunga alikuwa amesimama katikati ya sebule hiyo hiyo. Aliangalia kiti cha mumewe kilichokuwa kitupu, akasikia kwenye simu maji yanayodondoka tone moja moja mahali penye mwangwi.

"Nani yuko na wewe hapo?" aliuliza, naye sasa ananong'ona.

"Wenyewe," mumewe alijibu.

Alikodi teksi. Dereva alimfikisha penye uzio wa machimbo akakataa kusonga hata gurudumu moja zaidi, na mkunga, ambaye kwa kazi yake amezoea damu na mayowe na hakumbuki mara ya mwisho alipoogopa kitu, aliteremka peke yake akaifuata njia ya malori kati ya kuta za mawe zilizokatwa wima, harufu ya baruti na maji baridi ikizidi kila hatua, miguu yake ikitoa kishindo na baada ya kila kishindo chake kikisikika kingine kidogo nyuma yake ambacho hakikuwa mwangwi kwa sababu kilichelewa mno, mpaka akaliona gari lao limeegeshwa sawasawa ukingoni, mlango wazi, kioo kinawaka, na hatua mbili mbele ya gari, penye mwisho wa ardhi na mwanzo wa shimo, mumewe amekaa juu ya jiwe, viatu vyake vimepangwa pembeni kama anavyovipanga kila siku mlangoni kwao, akimwangalia mtu aliyekaa mbele yake ambaye mkunga hakumwona.

Alimshika ukosi wa shati akamburuta. Akamsukuma ndani ya gari, akafunika kile kioo kwa kitambaa chake cha kichwa, akaendesha mwenyewe. Na njia nzima ile sauti ya kike, nyororo, isiyovuta pumzi, ilisema chini ya kitambaa: "Umeiacha nyumba yako. Geuza gari. Umeiacha nyumba yako."

Asubuhi alimpeleka kwa mganga, mama mmoja mnene aliyekaa chumba cha juu ya duka la viatu. Mganga hakuuliza jina wala ugonjwa. Aliinusa kola ya fundi, akavua miwani.

"Huyu aliyemshika mumeo alikuwa na kwake," alisema polepole. "Wakalipua mawe ya kwake kwa baruti. Tangu hapo hana nyumba, na jini asiye na nyumba huwa na hasira kama mtu mwingine yeyote. Akaingia kwenye kitu kinachojua nyumba za watu wote. Lakini haingii kwako bila kukaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Mkunga akafungua mdomo kumtaja muuzaji wa gari. Mumewe akamtangulia.

"Mimi."

"Wewe?"

"Siku ya mwisho kioo kiliandika kitu," fundi alisema, macho sakafuni. "Kiliuliza, hii ndiyo nyumba yako, unakubali tuwe nayo pamoja? Bei haikuandikwa. Nikaona nimepata bure na wewe nimekushinda. Nikabonyeza Nakubali."

Mkunga alikasirika. Mtu anakugawia nyumba uliyoijenga naye tofali kwa tofali, uliyozalia pacha wako humo, ili tu ashinde ubishi wa ramani. Mimi ningemwacha kule kule machimboni.

"Dawa ipo," mganga alisema. "Aliyekubali afike hadi kwa yule, kisha arudi kwake kwa miguu, bila ramani na bila kuuliza. Akiingia mwenyewe kabla jua halijazama, makubaliano yamevunjika. Na wewe mama, usimwite. Usimwonyeshe hata kwa kidole. Ukitoa sauti, utakuwa umemwonyesha njia kama yule anavyomwonyesha, na mambo yatabaki pale pale."

"Nisimwite?"

"Hata akipita mbele ya pua yako."

Basi fundi akapelekwa machimboni saa sita mchana, na mkunga akasimama getini kwake akiwa amejifunga mdomo kwa kitambaa, maana hakujiamini. Jirani mwenye kuku na wengine wote walikwishaombwa wafunge milango. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna kilichotikisika.

Saa tisa mumewe alitokea kwenye kona. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuja taratibu, akiangalia kila geti, akafika kwenye geti lao, akamwangalia mkewe usoni, akampa salamu ya heshima kama anayompa mteja, na akapita.

Mkunga aliuma kitambaa. Miaka ishirini na mitano ya ndoa ilikuwa imempita mbele ya pua na kumwamkia. Matusi yote aliyowahi kumtukana na mengine mapya yalimjaa kooni, akayameza moja moja, machozi ya hasira yakimshuka.

Saa kumi na moja akapita tena, akichechemea. Safari hii hakumwangalia hata kidogo. Na hapo, kutoka juu kule machimboni, mkunga akasikia sauti yake mwenyewe inaita. "Baba Pacha. Njoo, mume wangu. Umechoka, njoo upumzike." Ilikuwa sauti yake kabisa, na ilikuwa tamu kama asali, na mumewe akasimama, akageuza kichwa, akaanza kurudi alikotoka. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa, kivuli cha geti kimefika ng'ambo ya barabara, na mkunga akiwa ameshika nondo za geti kwa mikono miwili, kitambaa kimelowa mate na machozi, alimhesabia hatua, moja, tano, kumi, akajua kwamba ya ishirini na moja atakata kona na hatamwona tena, na hakuwa na ruhusa ya kusema hata neno moja.

Jikoni friji ikagonga mara tatu.

Fundi alisimama. Friji ikanyamaza, kisha ikaanza kuguna, ule mguno mrefu wa miaka minne, na vikombe vikalia kabatini. Fundi aliinamisha kichwa upande mmoja, anavyofanya akiwa kazini.

"Hiyo kompresa imelegea miguu," alisema peke yake. "Naijua hiyo. Hiyo ni yangu."

Akageuka, akaifuata ile sauti bila kuangalia kitu kingine, akapita getini karibu amsukume mkewe, akaingia jikoni, akaweka kiganja juu ya friji na kuanza kulia. Ndipo mkunga alipofungua kitambaa. Alimtukana kuanzia hapo hadi wakati wa chakula, na fundi alikaa kwenye kigoda akimsikiliza kwa raha, kama mtu anayeota moto.

Gari waliliuza kama vyuma chakavu, kioo wakakiponda kwa nyundo. Friji haikutengenezwa, na sasa mkunga ndiye aliyekataa.

"Ile sauti ya kule ilikuwa yako," fundi alimwambia siku moja. "Lakini ilikuwa ya upole. Upole wenyewe ukanitia shaka."

Miezi miwili ikapita kwa amani. Kisha Jumapili moja, mchana, wakiwa mezani, umeme ukakatika. Friji ikafa katikati ya mguno na nyumba ikawa kimya. Mkunga alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Akainusa ile harufu kabla hajasikia kitu, jiwe bichi na maji baridi, na halafu kutoka upande wa machimbo, mbali lakini wazi kabisa, kitu kikagonga mara tatu. Kikanyamaza. Kisha kikaanza kuguna.

Fundi aliweka kikombe chini. Alijifuta mikono, akachukua mkoba wa spana, uso wake ukiwa mtulivu.

"Naenda nyumbani mara moja," alisema.

Mkunga aliruka, akaubana mlango kwa mgongo wake. Akavuta pumzi hadi chini ya tumbo, akaanza. Alimtukana mumewe kwa sauti iliyotoka hadi barabarani, akamkumbusha kila Ijumaa ya ile miaka minne, akamtukana muuzaji, ramani, na yule wa machimboni aliyejifunza friji yao lakini hawezi kujifunza mdomo wake. Fundi alisimama na mkoba mkononi akisikiliza huku na kule, mpaka polepole macho yake yakatua kwa mkewe. Mkunga hakunyamaza hadi umeme uliporudi, saa mbili na nusu baadaye, na sauti imemkauka.

Wageni wakihamia mtaa ule huuliza kwa nini yule mama anagomba hivyo kila umeme unapokatika. Majirani huwaambia wamwache. Na wengine, wakati huo, hutoka wakasimama getini kwake, wakamsaidia kugomba.