Simone Katika Vitrini

Binti, mwanaume akikufichia kilicho chako na kusema ni mapenzi, ondoka miguu ingali yako. Martine hakuwa na wa kumwambia hayo.

Jumamosi ile soko la Kikula lilinuka samaki wa moshi na mafuta ya beignets, yale maandazi ya mviringo. Nje ya studio ya foto watu walisongamana. Ramazani, mpiga foto kijana, suruali ya miguu ya tembo na shati la maua lililombana kifua, alikuwa ametundika ukutani foto alizoachiwa na Mgriki mwenye studio aliporudi kwao. Ilikuwa Likasi ya zamani, ikiitwa bado Jadotville: barabara za vumbi, kambi za wafanyakazi kabla hazijabomolewa. Mama Dunia, mkaanga beignets, alinyoosha kijiko akiwataja watu wa fotoni.

"Ule alikufa. Ule naye alikufa. Ule wa kofia alinitaka, minye nikakataa. Naye alikufa."

Martine, gauni la manjano, nywele za uzi, alijipenyeza mbele, akamkanyaga Ramazani.

"Mademoiselle, uko nakanyaga kiatu ao moyo?"

"Kiatu. Moyo habatembezake mu soko."

"Basi uko natafuta nani?"

"Mama yangu, Simone, bibi ya baba yangu, Stanislas wa fonderi. Alikufa minye niko mutoto wa kunyonya. Banasema Mgriki alimukamata foto siku ya fête ya paroisse, kule kanisani. Yetu ilipotea siku babomoa kambi."

Hakusema yote. Stanislas alikuwa ameyeyusha shaba tangu ujana, sasa kifua kilikuwa kimekwisha. "Sauti ya mama yako ningali nayo," alimwambia binti yake, "lakini sura inanikimbia." Alitaka aione kabla ya kufa, basi.

"Makartoni ni mengi," alisema Ramazani. "Utarudi?"

Alirudi. Na asiporudi, alipiga simu, kwa maana kazi yake ilikuwa posta, kuunganisha simu za watu.

"Allô, studio. Umemupata?"

"Bado, sheri. Nimepata askofu. Nimepata na imbwa ya askofu."

"Imbwa muzuri?"

"Kupita askofu."

Martine alicheka mpaka msimamizi akageuka.

"Na siku nikimupata," Ramazani aliuliza, "utaniita tena?"

"Tafuta kwanza," alijibu, akitania.

Mapenzi yakaiva. Walikula mishikaki mtaani, Martine amevaa kikwembe kipya cha kitenge, Ramazani akimpangusia pilipili mdomoni. Kila akiuliza habari za foto aliambiwa bado, na bado ile ilikuwa tamu, kwa sababu ilikuja na busu.

"Bajomba yangu batatoka Kindu kukuposa," Ramazani alisema. "Siku ile nitakupa cadeau, zawadi bazee bote baone."

Mvua zilipokolea, Stanislas akalazwa. Martine akaita studio.

"Ramazani, baba anaenda. Tafuta leo. Nakuomba."

"Bajomba beko mu treni, sheri. Ngoja kidogo tu."

"Bajomba na mama yangu beko na habari gani?"

Ramazani alicheka kwa upole. "Utaona."

Alfajiri Stanislas alimshika binti yake mkono. "Macho ya Simone yalikuwa makubwa ao madogo?"

Martine hakujua. Mzee akafa anangoja jibu.

Jeneza likiwa bado wazi uani, Ramazani aliingia kwenye kilio na wajomba wa kanzu nyeupe, amebeba kitu kimefungwa kikwembe. Akakifungua mbele ya watu. Simone, foto kubwa iliyopakwa rangi mashavuni, alikuwa na mwanya ule ule wa Martine.

"Umemupata lini?" Martine aliuliza.

Mama Dunia akamtangulia Ramazani kujibu.

"Ah, mwishowe umemupa. Kesho ya ile Jumamosi, si minye nilikuonyesha? Nikasema, huyu njo Simone, bibi ya Stanislas. Mvua zilikuwa bado."

Wanawake wakamgeukia Ramazani.

"Nilitaka kukupa mbele ya bazee," Ramazani alisema chini. "Na niliogopa. Ukishamupata, hautarudi."

"Ningerudi," alisema Martine. "Kila siku ningerudi."

Alichukua foto, akailaza kifuani mwa baba yake, uso kwa uso.

"Makubwa, baba," alimwambia. "Macho yalikuwa makubwa."

Akawaomba wapigilie jeneza misumari.

"Niko na négatif, filamu yake," Ramazani alimfuata. "Nitakutolea ingine."

"Tolea bajomba."

Ramazani akamtoa Simone mwingine, akamweka vitrini, nyuma ya kioo cha dirisha la studio, katikati kabisa, amtazame kila apitaye. Mji ulishabadilishwa jina, kisha, kwa amri ya serikali, na watu wakabadilishwa yao. Simone akabaki Simone, rangi ikimtoka kwa jua. Siku moja taa ya simu ya studio ilimwakia Martine posta, kwenye ubao wake wa nyaya.

"Kuya umukamate mama yako," sauti ilisema. "Eko vitrini, eko nakungoja."

"Mama yangu haiko na foto, monsieur. Unataka numéro gani?"

Martine akachomoa waya.

Jioni alirudi nyumbani kwa njia ndefu ya nyuma ya soko, kama jioni zote, ili mama yake asimwone akipita.