Weusi wa Pakiti ya Mwisho

Karatasi ilikuwa na joto. Si joto la kuunguza. Lile la godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi. Fundi aliirudisha kwenye pakiti, akajifuta kiganja kwenye aproni, akachomoa nyingine. Nayo ilikuwa hivyo hivyo.

"Labda ilikaa juani dukani," alijisemea, ingawa alijua vizuri kwamba karatasi ya picha iliyokaa juani haifai hata kufungia vitunguu.

Alikuwa mke wa mpiga picha, na mikono yake ndiyo iliyosafisha kila picha iliyotoka katika studio ile tangu alipoolewa. Mumewe alikuwa mwepesi wa kuchekesha, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, na vyote vilizimika papo hapo; ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fleshi. Mkewe walimwita Fundi tu. Simu za mkononi zilikuwa zimewanyang'anya wateja karibu wote, mpaka ukumbi wa jiji ulipowaagiza picha kubwa za wazee, nyeusi na nyeupe, zisafishwe kwa mkono kama zamani. Kazi hiyo ingeinua studio au ingeizika. Kwa hiyo, kabla ya kununua karatasi za kazi nzima, Fundi aliomba sampuli kwenye kila duka lililobaki, akachagua negativi moja ya filamu, ya mama mkwe wake akiwa ameketi karibu na dirisha, akawa anaijaribu juu ya kila aina.

Ya kwanza iling'aa mno, mama mkwe akaonekana kama amepakwa mafuta ya kupikia. Nyingine ilikuwa na rangi ya chai; uso ulipendeza lakini mvi zikachafuka. Kulikuwa na moja isiyong'aa, nzuri tu, ila weusi wake ulikuwa wa majivu, umechoka. Ikabaki pakiti hii isiyo na jina wala nembo, iliyofungwa kwa plastiki nyeusi. Mwenye duka, aliyekuwa anafunga biashara, aliivuta kutoka nyuma ya rafu akamwambia achukue tu, imekaa humo tangu enzi za baba yake.

Aliimulika karatasi chini ya mashine ya kukuzia picha, kisha akaizamisha kwenye beseni la dawa, taa nyekundu ikiwaka juu ya kichwa chake.

Picha huja polepole: kwanza kivuli, halafu macho, halafu mtu. Hii ilianza na weusi. Weusi ulitoka katikati ukatambaa kuelekea pembeni, mzito, wenye kina, kana kwamba beseni limetobolewa chini. Kisha mama mkwe akatokea kitini mwake. Na nyuma ya kiti akatokea mwingine, mrefu, kichwa chake kimekatwa na ukingo wa picha, mkono wake wenye vidole virefu umelala juu ya bega la mama mkwe.

Harufu ya dawa, kama siki, iliyozoeleka humo chumbani ilitoweka. Palinuka kama buchani, asubuhi, kabla sakafu haijamwagiwa maji.

"We Fundi!" Sauti ya mama mkwe ilitoka chumba cha nyuma. "Nani kanishika bega?"

Fundi alikimbia. Mama mkwe alikuwa peke yake, shati lenye kifungo kilichong'oka mapajani, sindano sakafuni. Fundi alimfunua bega. Alama za vidole zilikuwa zimevilia damu, ndefu kupita vidole vya mtu yeyote aliyemjua.

"Usiniangalie hivyo," bibi kizee alinong'ona. "Niambie kuna nini."

"Sijui, Mama. Bado sijui."

Fleshi alirudi mchana ule kutoka kupiga picha, akaikuta ile picha imening'inizwa ikauke. Alisimama mbele yake hata mfuko wa kamera hajautua.

"Ona weusi huu, mke wangu! Maisha yangu yote nimeutafuta weusi huu."

"Umemwona aliyesimama nyuma?"

"Nyuma wapi? Karatasi kuukuu ina dosari zake. Ngoja nisafishe nyingine mwenyewe."

"Nakuomba usiiguse. Kamwone kwanza mama yako bega lake."

"Mama anajigonga kila siku," alisema, akaingia chumba cha giza akafunga kwa ndani.

Fundi alibaki nje, sikio mlangoni. Alisikia maji yakichezwa kwenye beseni. Alisikia mumewe akipumua, na baada ya kitambo akasikia pumzi nyingine, ya chini zaidi, ikipishana na ile ya mumewe, moja ikitoka nyingine inaingia, mpaka zikaenda pamoja zikawa moja. Halafu Fleshi akacheka. Alicheka, akaendelea kucheka, na kicheko chake ambacho siku zote kilizimika haraka sasa hakikukoma, kikapanda kikawa chembamba kama mlio wa birika.

"Fleshi? Baba, fungua mlango."

Mlango ulifunguka ukampiga usoni. Fleshi alipita bila kumtazama, mikono inachuruzika dawa hadi viwiko, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Fundi alipofika, damu ya pua ikimwingia mdomoni, mumewe alikuwa amemkandamiza mama yake kwenye kiti, vidole shingoni, na miguu ya bibi ilikuwa inapiga sakafu.

"Mwanangu," mama alikoroma. "Mwanangu, ni mimi."

Fundi alimpiga kwa stuli mgongoni. Stuli ilivunjika. Fleshi aligeuka, akamkamata mkono, akaung'ata chini ya kiwiko na kutikisa kichwa kama mbwa aliyepata mfupa, na Fundi, akipiga mayowe, alirudi nyuma kwa uzito wake wote akaangukia dirishani, pazia likang'oka na fimbo yake, jua la mchana likaingia lote kwa mkupuo. Fleshi alilia. Ilikuwa sauti ya kitu kilichobanwa na mlango. Aliuachia mkono wa mkewe, akajifunika macho, akarudi chumba cha giza akiparuza ukuta, akajifungia.

Mama mkwe alikuwa anapumua. Kwa shida, lakini anapumua. Sauti ilimtoka kama karatasi inayochanwa: "Mwite mshonaji."

Mshonaji alikuwa mwanamke mnene wa mtaa wa pili. Siku za kawaida alishona sare za shule. Siku kama hizi watu walimwendea kwa kazi nyingine ambayo hawakuitaja kwa jina. Alifika futi ya kupimia ingali shingoni. Aliitazama picha, akanusa mkono wa Fundi ulioumwa, akasonya.

"Hiyo pakiti imefungwa gizani muda gani?"

"Tangu enzi za baba wa mwenye duka."

"Basi jini lilipata nyumba. Nyumba isiyoingia hata chembe ya mwanga, likakaa likanenepa." Aligonga mlango wa chumba cha giza kwa mkasi. "Wewe uliye humo! Umekuja kwa heri au kwa shari?"

"Nimekuja kwa damu." Sauti haikuwa ya Fleshi. "Huyu ni kiti changu. Nimekaa. Sitoki."

"Kiti kina mwenyewe."

"Mwenyewe kanikaribisha. Kasema maisha yake yote amenitafuta."

Mshonaji alimvuta Fundi kando. "Nitalitoa nje ya mlango. Likinishika, usinitazame mimi. Ingia uichukue pakiti, uitoe juani, uifungue kila karatasi. Moja ikibaki gizani, mumeo amekwenda. Unasikia?"

"Litakuua."

"Wakubwa zake walishajaribu," alisema mshonaji, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Akaanza kulitukana. Alilitukana jini lile kwa mama yake na kwa moshi lililotokana nao, akaliita kupe, kunguni, mwoga anayejificha kwenye bahasha, mpaka mlango ukapasuka kwa ndani na Fleshi akatoka akamrukia. Alimshika nywele, akakigonga kichwa chake ukutani, akakigonga tena, na plasta ikabaki na doa jekundu. Fundi aliwaruka wote wawili akaingia gizani, akapapasa meza, beseni likamwagika, na mkono wake ukaifikia pakiti, ambayo sasa ilikuwa inapwita kama tumbo la mnyama aliyekimbizwa, na alipoikumbatia kifuani na kugeuka kutoka, mumewe alishamwachia mshonaji na alikuwa amesimama mlangoni, meno yote nje, na Fundi hakusimama, alimwendea kichwa mbele, wakaanguka pamoja ukumbini, akimpiga teke, akitambaa kuelekea ua wa nyuma huku yeye akimng'oa nywele, akimvunja kidole, akimkata mgongo kwa kucha, na kila alipotaka kuiachia pakiti alimwona mama mkwe amemlalia mwanawe miguuni, kikongwe yule ambaye shingo yake ilikuwa imeshaanza kuvimba, amemkumbatia kwa mikono miwili asiweze kusimama.

Fundi aliufikia ua. Aliichana plastiki kwa meno, akazirusha karatasi juani.

Zilianguka chini zikiwa nyeupe, na papo hapo zikaanza kugeuka, kijivu, zambarau, kahawia, kila moja ikijikunja na kutoa mlio wake, na ndani ya nyumba Fleshi aliitikia mlio kwa mlio. Zilipobaki mbili zilizogandana, Fundi alizibandua kwa kidole chake kilichovunjika. Mlio wa mwisho ulikatika katikati. Harufu ya buchani ikapanda juu kama moshi, ikaondoka.

Fleshi alikuwa amelala ukumbini, mama yake bado miguuni pake. Alitapika kitu cheusi, kisha akauliza kwa sauti yake mwenyewe: "Mbona mnalia?"

Aliinua kichwa akawatazama. Aliona mwenyewe.

Mshonaji alishonwa kichwa hospitalini, akawatania wauguzi kwamba mshono wao haukunyooka. Picha zote mbili zilizosafishwa kwenye karatasi ile zilichomwa uani. Kazi ya ukumbi wa jiji Fundi aliifanya juu ya karatasi ile ya weusi uliochoka, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, na hakuna aliyelalamika.

Aliyeharibika ni Fleshi. Alikula peke yake. Mama yake alipoingia mlango huu, yeye alitokea ule. Mikono aliiweka mifukoni mchana kutwa kama mtu aliyeiba. Mpaka asubuhi moja mama mkwe alipomfuata hadi kwenye benchi alilokuwa amekalia, akaketi mbele yake, akaifungua kola ya gauni. Shingo ilikuwa bado ya kijani na njano.

"Nipake dawa," alisema, akampa kikopo.

"Mama, siwezi."

"Fundi ana kidole kibovu. Unataka nikamwite jirani?"

"Mama, hii mikono..."

"Ni yangu hiyo. Nimeizaa mimi, nimeikata kucha mimi." Alimtoa mkono mfukoni, akauweka shingoni mwake mwenyewe, akaushikilia hapo mpaka ulipoacha kujivuta. "Haya. Paka. Bonyeza kidogo, hapo ndipo panapouma."

Fleshi alipaka, machozi yakimdondokea kwenye kola ya mama yake.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao, akitabasamu, akilia, nyundo ameificha nyuma ya mgongo. Mama mkwe aliigeuza shingo taratibu, akamwona. Akaitazama nyundo. Hakumwambia aiweke chini.