Kibuyu Kisichofukizwa

Kila jioni nyumba ya kina Maka mjini Garissa ilijaa watu kama ya arusi. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya, na askari hawakutaka kumwona mtu nje jua likishatua. Basi majirani waliingia mapema, wakalala papo hapo na umbeya wao.

Watoto walimzunguka Eedo Nurto, shangazi yake Maka, aliyekulia Jibuti na kurudi na Kifaransa.

"Mbuzi yeyote ni une chèvre," alifundisha. "Yule wetu wa pembe moja, tunayemjua sote, ni la chèvre. Ngamia yeyote, un chameau. Ngamia tuliyekwisha kumtaja, le chameau."

"Eedo, kwani ngamia hajijui mpaka avishwe hiyo le kama kofia?" Maka aliuliza. Nyumba nzima ikacheka.

"Maka, umefukiza kibuyu cha maziwa?" mama aliita kutoka jikoni.

"Nimefukiza, hooyo."

Alidanganya. Alikuwa amekisuuza kwa maji kidogo tu, maana kukisugua ndani kwa kijinga cha moto, ili moshi uyalinde maziwa yasiharibike, kungemkosesha somo. Mama akamimina humo maziwa aliyonunua kwa Sharifo, mjane wa sokoni. Mifugo ilikuwa imezuiwa mbali na mji, na hayo ndiyo maziwa pekee ya Dekow, mdogo wake Maka, aliyetoka kuugua.

Asubuhi Dekow alipewa kikombe. Alipiga funda moja, akatapika mkekani. Mama akainamisha kibuyu. Yalitoka mabonge yenye utelezi, yakinuka kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Wanawake wakaziba pua.

"Sharifo huyo," alisema Fatumo, jirani asiyepitwa na jambo. "Anatia maji ya shimo. Leo soko zima litajua, tuone nani atanunua kwake."

"Mchafu sana," wengine wakadakia.

Fatumo alikuwa ameshajitanda shuka, tayari kwenda sokoni. Eedo Nurto akanusa kibuyu, kisha akampa Maka. Maka akanusa. Uvundo ulimpanda hadi kooni, na ndani yake hamkuwa na harufu ya moshi hata kidogo. Akajichukia kuliko alivyoyachukia yale maziwa.

"Si Sharifo," alisema. "Sikukifukiza, nisije nikakosa somo. Nilidanganya."

Fatumo akakaa chini polepole, kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni.

"Nanyi wakubwa," Eedo aliwaambia, "mlitaka mtu yeyote wa kulaumu, mkamshika huyu tunayemjua. Inachefua kuliko hayo matapishi."

Maka alisafisha mkeka. Akasugua kibuyu kwa jivu, akakifukiza mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda mwenyewe kwa Sharifo kununua maziwa mengine. Dekow alikunywa yote, akalamba mdomo.

"Kifaransa kitakungoja, Maka," alisema Eedo Nurto. "Tumbo la mtoto haliwezi kukungoja. Tena kibuyu kikinuka unakisugua na kukifukiza kikawa safi. Jina la mtu likishachafuliwa sokoni, utalifukizaje?"