Diski Iliyokataa Kulala Peke Yake

Dada yangu Mwongeli hutengeneza kompyuta Kawangware, upande wa Satellite, na hana muda wa mambo ya majini na uchawi. Mteja akisema laptopu yake imerogwa, humuuliza kwanza kama aliimwagia chai. Mimi nilisoma fizikia chuo kikuu, nikadhani tumekingwa na mambo hayo.

Jumanne moja Nasike, fundi wa nguo kutoka Gatwekera, alileta diski kuukuu ya kompyuta, imefungwa kwenye leso.

"Ni mama akiimba kanisani," alisema. "Hayuko tena. Sauti yake iko hapa tu."

Mwongeli aliichomeka, akaisikiliza ikikwaruza. "Hii inakufa, siz. Tutanakili kidogo, ipumzike ipoe, tunakili tena. Ikizunguka tu bila kupumzika, haitoboi hadi mwisho."

Akaiamuru kompyuta: diski ikikosa kazi dakika chache, isimame. Ikasimama. Tukatoka wote kununua mahindi ya kuchoma hapo mlangoni.

Nyuma yetu, ikaamka.

Mwongeli alizima programu ya kutafuta mafaili. Akazima ya kukinga virusi. Akachomoa intaneti. Tukiwa ndani, diski ilitulia. Tukitoka, vrrr.

"Itakuwa kompyuta inajisasisha," nikasema.

"Nilizima hiyo pia, profesa."

Tukachungulia dirishani. Kwenye skrini, faili moja lilikuwa likisomwa. Mahali pa jina la programu inayolisoma palikuwa patupu.

Nasike akanong'ona, "Kwetu maiti halazwi peke yake. Watu hukesha naye. Mama alikaa mochari wiki nzima, tukingoja gari la kumpeleka nyumbani. Hakuna aliyekesha."

Mwongeli hakucheka. Akamvutia stuli.

"Basi kaa naye."

Nasike akakaa. Diski ikasimama. Ikapoa. Tukanakili, ikapumzika, tukanakili. Jua likiwa bado juu ya mabati, wimbo wa mwisho uliingia kwenye flashi mpya. Diski ikakwaruza mara moja, ikafa.

Nasike alilia, akacheka, akaacha flashi mezani. Tulimsindikiza hadi barazani ampigie kaka yake simu.

Vrrr.

Flashi haina kitu cha kuzunguka. Ni chipu tu. Wala haikuwa imechomekwa popote.

Nasike aliingia, akaishika. Kimya.

Sasa huivaa shingoni, hata akienda kuoga. Mezani, pale flashi ilipolala, pamebaki duara, limechimbika laini, upana wa ile sahani inayozunguka ndani ya diski. Tumelipiga msasa. Kila tukifungua duka, limerudi.