Swali la Bibi Raheli kwa Daktari Lin

Stumai alikuwa mhudumu wa hospitali mjini Singida. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ukalimani. Kila Jumatano alipanda Landrova na Daktari Lin kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Daktari Lin alikuwa mwanamke wa Kichina, mpole, na mchapakazi kupita kiasi. Yeye alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, Stumai akaeleza kwa Kinyaturu.

Mwaka 1974, baada ya mavuno, walifika kijiji cha Mtinko. Wanawake walikuwa wakipura mtama wa kijiji. Waliweka fimbo chini, wakakaa kusikiliza.

"Saratani ya titi huanza na uvimbe mdogo," alisema Daktari Lin. "Mara nyingi hauumi, kwa hiyo msingoje maumivu. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, jipapaseni kwa vidole vitatu. Papasa titi lote mpaka kwapani. Ukikuta kitu kigumu, njoo hospitali upesi. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kila uvimbe lazima uonwe na daktari. Ukiwahi, unaweza kupona."

Wanawake walichekacheka na kujifunika khanga. Ndipo aliposimama Bibi Raheli, mzee ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu, hata mwenyekiti wa kijiji.

"Stumai, hebu muulize mwanangu huyu. Yeye mwenyewe hujipima?"

Stumai angeweza kulimeza swali hilo. Mgeni haulizwi hivyo, tena daktari! Lakini kazi ya mkalimani ni kufikisha neno, naye akalifikisha.

Uso wa Daktari Lin uliiva. "Mwambie… mwambie kazi ni nyingi."

Hapo wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega.

Siku mbili baadaye, Daktari Lin alimwita Stumai chumbani kwake, akafunga mlango. Aliushika mkono wa Stumai, akauweka kwenye titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu, kadiri ya punje ya harage.

"Umekiona lini, Daktari?"

"Jumatano ile, tuliporudi."

"Basi twende kwa daktari wa upasuaji sasa hivi."

"Hapana. Hakiumi. Wagonjwa ni wengi. Yule daktari ni mwanamume, tunakula naye meza moja, nitamfunulia kifua vipi? Kwetu ni aibu. Na wakisema ni saratani, nitaambiwa nifunge mizigo nirudi China. Afadhali nisijue."

Hasira zilimpanda Stumai, na huruma pia. Alimpenda sana mwanamke huyu.

"Daktari, nisamehe. Hauumi, kazi nyingi, aibu, hofu. Maneno hayo nayasikia Mtinko, nayasikia Nduguti. Wewe huwajibu nini wanawake wale?"

Daktari Lin aliinamisha kichwa. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Huwaambia, heri ife aibu, wasife wao."

"Basi. Nitaingia nawe. Nitashika khanga, ufunuliwe upande mmoja tu."

Wakaenda. Daktari wa upasuaji alipima kwa heshima, kama anavyopima mgonjwa yeyote. Mwishowe alisema, "Umewahi. Bado ni kidogo."

Daktari Lin alipelekwa Dar es Salaam. Ilikuwa saratani kweli. Titi likaondolewa. Miezi minne Stumai alizunguka vijijini bila yeye, na kila mara Bibi Raheli aliuliza, "Mwanangu yule anaendeleaje?" "Bado hatujapata habari," Stumai alijibu. Alikuwa akila bila kusikia ladha.

Kisha Jumatano moja Landrova ilisimama Mtinko, na aliyeshuka wa kwanza alikuwa Daktari Lin. Amekonda, lakini anatembea mwenyewe, anacheka! Stumai hakujizuia, akapiga kigelegele. Kijiji kizima kikakipokea.

"Shikamoo, bibi," Daktari Lin alimwambia Bibi Raheli.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi!"

"Nimerudi. Kama usingeniuliza, leo nisingekuwa hapa."

Akawaeleza wanawake yote: uvimbe, aibu, hofu, kisu, na kupona. Hakuficha kitu. Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi Raheli alisimama, akaingia wa kwanza kwenye chumba kilichotengwa kwa kupimia. Wengine wakapanga mstari nyuma yake. Arobaini na mmoja walipimwa siku ile, na wote wakafundishwa kujipima nyumbani.

Mmoja tu alikutwa na uvimbe. Alikuwa Anastazia, mama wa watoto watatu. Mumewe, Mughwai, alipoambiwa, alisema palepale, "Apande gari hilo hilo. Watoto nitakaa nao mimi."

Lakini Anastazia alisita mlangoni mwa gari. "Daktari wa upasuaji ni mwanamume," alinong'ona.

"Najua," alisema Daktari Lin, akamshika mkono. "Nitaingia nawe. Khanga nitashika mimi."

Anastazia akapanda, na gari likaondoka.