Aliyekaa Ndani ya Sailensa

Bomba la moshi la gari lilikuwa na joto. Lilikuwa limelazwa kivulini tangu asubuhi, juu ya sakafu ya saruji, kati ya wenzake wawili waliokuwa baridi kama chuma kinavyopaswa kuwa. Hata hivyo, mchomeleaji alipoweka kiganja juu ya sailensa yake alihisi joto la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

"Hili limetoka juani?" aliuliza.

"Limetoka chini ya turubai," akajibu shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza vipuri vya magari yaliyokatwakatwa. "Usilikunjie uso, shemeji. Ni mgeni."

Mumewe hakuwasikia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mabomba yote matatu kama mtu anayechagua mwana wa kuasili. Nyuma yake, juu ya jeki, lilikaa gari la michezo la kijani, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko ndoa yao. Karakana ilikuwa ya wote wawili: yeye mume injini, yeye mke kuchomelea. Lakini gari hilo lilikuwa la mume peke yake, na miaka kumi na mmoja alikuwa akilifufua kila alipomaliza kazi za watu.

Kitu kimoja tu ndani ya gari lile kilikuwa cha mke, nacho ni ekzosi. Aliitengeneza kabla hawajaoana, mwaka ule mwanamume huyu alipokuja kukatiwa kipande cha bomba, kisha akarudi mara nne kwa visingizio. Sasa kutu ilikuwa imeila. Wiki iliyopita sailensa ilidondoka barabarani, na watoto wa shule wakaishangilia.

La kwanza kati ya yale matatu lilikuwa jipya la kiwandani, jepesi, la kutoshea gari lolote, na sauti yake ingekuwa ya cherehani. La pili lilikuwa bado vipande: stenlesi aliyoikata mke mwenyewe usiku wa juzi bila kumwambia mtu, akaipanga pale kimyakimya. La tatu, lile lenye joto, lilikuwa la asili, kutoka gari jingine la aina ileile ya lile la kijani, zito, lenye ufa kwenye mshono wa sailensa.

"Stenlesi haitaota kutu mpaka tuzeeke," alisema mke. "Keshokutwa nitakuwa nimeimaliza."

"Najua." Mume aligonga lile la tatu kwa kucha. "Lakini sikiliza."

Alisikiliza. Mlio uliendelea muda mrefu kuliko haki ya kucha moja.

"La kwako zuri, mke wangu. Ila hili ndilo lake."

"Lake nani?"

"La gari, bwana! La nani tena?"

Shemeji akapiga makofi. "Umeletewa mke mwenza, shemeji. Mkaribishe ndani!"

Wakacheka wote watatu. Cheko la mchomeleaji lilichelewa kidogo, tena likawahi kuisha.

Bi Cheche, bibi aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: bomba lililotumika halizibwi ufa kabla halijafunguliwa ncha zote mbili na kuchomwa kwa ndani kwa moto wa gesi, hadi moshi mweusi uishe kabisa. Wengine walisema ni kwa ajili ya mafuta yaliyoganda, wengine viota vya panya. Bi Cheche alisema, "Hujui lilivuta pumzi ya nani." Kwa miaka kumi na minne mwanafunzi wake hakuwahi kuliruka sharti hilo.

Siku ile aliliruka. Alitaka linuke. Alitaka likohoe na kuaibika mbele ya mume, wiki mbili tu, ili stenlesi ipate kuitwa. Akashusha kinga ya uso, akauziba ufa kwa mstari mmoja, na hakuwahi kuchomelea mstari mzuri kama ule. Uliposalia upana wa ukucha, pumzi ya uvuguvugu ilitoka ikagusa kifundo cha mkono wake, kama ya mtu anayetaka kusema neno. Akafunga.

Gari lilipowashwa halikukohoa. Lilitoa sauti nene, laini, ya kike, iliyopanda na kushuka bila mguu kugusa mafuta. Moshi wake ulinuka waridi, na chini ya waridi, nywele zilizoungua. Mume alisimama na spana mkononi, na usoni mwake mke akaiona ile sura ya siku za visingizio, ambayo hakuwa ameiona tena kwa muda mrefu.

Tangu hapo mume akawa anakula chakula cha mchana ndani ya gari. Mke alipoingia kukaa kiti cha pembeni, injini ilizimika. Aliposhuka na kufunga mlango, iliwaka yenyewe. Alimsikia mume akinong'ona mle ndani, akinyamaza, kisha akicheka taratibu kama aliyejibiwa.

"Unaongea na nani?"

"Nalisikiliza tu."

"Mimi unanisikiliza lini?"

"Shh," akasema, akitazama upande wa gari, na hofu iliyokuwa machoni mwake haikuwa ya kumwogopa mke. "Punguza sauti. Atasikia."

Siku ya sita mke alikuwa akifua shati la kazi la mume, akaona kwenye ukosi, upande wa nyuma, alama za masizi za vidole vitano. Akaweka vidole vyake juu ya alama hizo. Vile vilikuwa vyembamba kuliko vyake.

Akampigia simu Bi Cheche.

"Ulilichoma?" bibi aliuliza kabla hadithi haijafika kati.

Mchomeleaji aliukunja ukosi wa shati, alama zikabaki ndani.

"Mwanangu, ulilichoma kwanza?"

"Sikulichoma, bibi."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Bi Cheche alishusha pumzi. "Hilo silicheki. Mimi kwa wivu nimewahi kufanya baya zaidi. Basi kakate palepale ulipofunga, kwa mkono wako, leo hii. Jini wa namna hiyo hali chakula, anakula pumzi. Asije akamaliza ya mumeo."

Jiwe la grenda, mashine yake ya kukatia chuma, lilikuwa limekwisha. Akakimbilia duka la vifaa, na aliporudi, saa sita mchana, jua likiwa utosini, akakuta milango ya karakana imefungwa kwa ndani na nyufa zake zote zimezibwa kwa matambara, na kutoka mle ndani ile sauti ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, bila haraka, kama ya mama anayembembeleza mtoto bila nia ya kumwamsha tena. Alivunja komeo la mlango mdogo kwa nyundo, akajifunga kitambaa usoni, akaingia katika moshi wa waridi mzito kama pazia la maji, akapapasa hadi kwenye dirisha la gari lililokuwa wazi na kumwona mumewe ameegemea kiti, mikono imeng'ang'ania usukani, mdomo nusu wazi, akitabasamu, na alipozungusha ufunguo na kuuchomoa kabisa injini haikuzima, na alipouvuta mlango ulikuwa kama umechomelewa kwenye fremu yake, na ndipo kutoka chini ya gari akaitwa.

"Dada."

Aliuvuta mlango tena.

"Niachie huyu. Wewe una mikono, una jina la mke, una meza ya kula. Mimi nina bomba hili tu." Sauti ikalegea. "Ulivyonifunga vizuri, nikajua tunafanana."

Mchomeleaji alilala chali sakafuni, akajisukuma chini ya gari, akawasha grenda. Cheche zilimwagika kifuani. Jiwe liliuma ule mstari wake mzuri, likaupita, na yeye, kitambaa kikiwa kimeteleza shingoni, alikuwa akipiga kelele, akimwita mumewe kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, wakati ufa ulipofunguka na pumzi ya moto yenye utamu ikatoka na kumjaa kooni. Akaimeza.

Injini ikazima. Mlango wa gari ukafunguka.

Hospitali walimlaza mume siku mbili. Aliporudi, aliomba mwenyewe stenlesi. Mke aliikunja na kuifunga kwa siku moja, na gari likanguruma vizuri, kama gari. Lile bomba la tatu alilifungua ncha zote mbili na kulichoma kwa gesi, akingoja. Hakukutoka hata moshi.

Mume alilitazama gari lake kidogo tu, akaenda kurekebisha breki za teksi ya mteja. Mke akaona amani imerudi.

"Njoo ule," akamwita mchana, na sauti yake ikatoka nene, laini.

Spana ilianguka sakafuni. Mume alitoka chini ya teksi taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele yake na ile sura ya siku za visingizio, sura ambayo mke aliingojea miaka yote hii.

"Sema tena," akanong'ona.

Kifua cha mchomeleaji kilipata joto. Alijua fika ni nani anayesikilizwa.

Akasema tena.