Kupitisha Maji Si Kuosha

Nyumbani walimwita Kasi, na jina lilimkaa. Alifagia uwanja kabla vumbi halijajua kinachoendelea. Vyombo alivishika chini ya bomba, akavigeuza huku na huku, akavianika. Mama yake, fundi cherehani aliyeshonea barazani, alikuwa akimuuliza bila kuinua macho, "Umeosha?"

"Nimepitisha maji," Kasi alijibu kila siku, na mguu wa mama uliendelea kukanyaga cherehani. Hakuna aliyesimama kufikiri kama hayo mawili ni kitu kimoja.

Ua wao ulikuwa na wapangaji wanne na bomba moja, na penye bomba moja maneno hayaishi. Katika chumba kilichotazamana na chao alikaa Mama Tikiti, aliyeuza matunda ya kukatwa kwenye meza nje ya lango. Yeye na fundi hawakuiva chungu kimoja. Fundi alilalamika kwamba maganda yanaleta nzi. Mama Tikiti alijibu kwamba nzi wana macho, wanajua wanakokwenda. Walisalimiana kwa sababu tu watoto walikuwa wanawatazama.

Jumatatu jioni Mama Tikiti alimpa mdogo wa Kasi kipande cha tikiti. Mtoto huyo alikuwa na miaka minne, kitindamimba wa nyumba, na wote walimwita Kitinda. Jumanne alfajiri aliamka akijikunja kwa maumivu ya tumbo. Alihara maji, kisha akahara damu.

Mama hakungoja daktari amtajie mkosaji. Alitoka na mtoto begani mpaka bombani, ambako majirani walikuwa wamepanga ndoo zao, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Umemlisha mwanangu uozo. Mkono unashika pua, mkono huohuo unashika tikiti."

Mama Tikiti alisema tikiti lile alilila yeye mwenyewe, na wanawe pia.

"Nyinyi mmeuzoea uchafu wenu," fundi akamjibu. "Hauwadhuru."

Mtu mmoja akacheka. Jirani mwingine akaisogeza ndoo yake mbali na ndoo ya Mama Tikiti, taratibu, kama anayeogopa kuambukizwa na bati. Kabla jua halijapanda, mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa: muuza matunda atoke, la sivyo wengine watahama. Naye akampa mpaka mwisho wa wiki.

Kwenye zahanati, daktari aliwapokea mama, Kitinda na Kasi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu asiyependa hadithi ndefu. Alipeleka choo cha mtoto maabara, akaanza kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Mama alipotoa vidonge vilivyokuwa vimebaki kabatini, daktari alivichukua na kuvifungia kwenye droo. Alisema kuna vijidudu vya tumbo ambavyo ukivipiga kwa dawa isiyofaa, vinaweza kumwaga sumu zaidi. Mtoto hatapewa kidonge mpaka adui ajulikane.

Mama alimweleza habari za tikiti. Daktari akasema atampigia simu bwana afya aende kuifunga meza ile leo hii.

"Aifunge," mama alisema. "Na chumba akifunge pia."

Majibu ya maabara yalipokuja, daktari aliyasoma, akakunja uso. Hii ilikuwa aina ya bakteria inayokaa utumboni mwa ng'ombe bila kumsumbua, lakini ikiingia kwa mtu inaleta vita. Tena huwa haiumi siku ileile. Mara nyingi huchukua siku tatu au nne. Akauliza, "Jumamosi alikula nini?"

Mama alisema walikula nyama, lakini ilichemshwa mpaka ikalainika.

Kasi akakikumbuka kibao cha kukatia. Jumamosi alikata nyama mbichi juu ya kibao. Kisha Kitinda akamlilia tango, naye akamkatia juu ya kibao kilekile. Yeye mwenyewe tango halipendi, hakuonja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Daktari, kama kitu kimepitishwa maji, vijidudu si vinaondoka?"

Daktari alimtazama, kisha akamgeukia mama. "Wewe ni fundi. Gauni likinaswa na mbegu za kishona nguo, ukilimwagia maji zinatoka?"

"Hazitoki. Unazing'oa mojamoja."

"Basi kwenye kibao ni hivyohivyo, vinajishika kwenye mikwaruzo ya kisu. Na tumboni ni balaa zaidi." Daktari aliinua taulo lililokuwa kitandani, akapitisha kidole juu ya nyuzi zake. Alieleza kwamba utumbo kwa ndani umejaa vinyweleo vidogo mno, kama taulo, na ndivyo vinavyofyonza maji na chakula. Bakteria huyu hapiti njia kama vijidudu vingine. Ananasa kwenye seli ya utumbo, anaichoma kwa kitu kama sindano, na kupitia sindano hiyo anaiingizia vitu vyake. Seli inadanganyika. Inamjengea kigoda akae vizuri.

"Mgeni anachoma, halafu anapewa kigoda?" mama aliuliza.

"Anapewa na nyumba yenyewe. Akishakaa, vinyweleo pale vinanyonyoka. Taulo lenye kipara halinyonyi maji, ndiyo maana mtoto anahara. Na juu ya hayo, huyu ana sumu. Sumu inatoboa mishipa midogo ya damu, na ikifika kwenye figo mtoto anaacha kukojoa. Hapo tutamkimbiza hospitali kubwa." Akaishika simu. "Kwa hiyo nataka ukweli. Nimtume bwana afya kwenye meza ya matunda, au nisimtume?"

Kasi alimtazama Kitinda aliyelala na midomo mikavu. Akamkumbuka jirani akiisogeza ndoo.

"Usimtume," alisema. "Ni mimi. Nilikata nyama, halafu nikamkatia tango. Kibao nilipitisha maji tu."

Mama aligeuka polepole. Macho yale Kasi hakuyasahau.

"Mama, utamfokea kesho," daktari alisema. "Leo amenisaidia. Sasa najua nisipoteze muda wapi."

Siku mbili walimchunga Kitinda kama chungu cha maziwa motoni, wakingoja mkojo. Alfajiri ya siku ya tatu aliamka amelowa. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kufurahia shuka iliyokojolewa.

Waliporudi, walimkuta Mama Tikiti anafunga mizigo. Mama aliingia chumbani kwake, Kasi akiwa nyuma, akasema chapuchapu kwamba kumbe haikuwa tikiti, ilikuwa kibao chao, basi yaishe.

Mama Tikiti hakuacha kufunga kamba. "Hapo umepitisha maji," alisema. "Ulinitukana bombani, mbele ya watu. Yale maneno yamenasa. Hayatoki kwa kunong'onezwa chumbani."

Kasi alidhani mama atarudisha jibu, maana hakuwahi kukosa jibu. Badala yake mama alitoka, akasimama bombani wakati ndoo zote ziko kwenye foleni, akasema kwa sauti ileile ya Jumanne kwamba alimsingizia jirani yake. Uchafu ulitoka jikoni kwake, na kila siku aliposikia "nimepitisha maji" aliridhika nao. Halafu akaenda kwa mwenye nyumba kuyarudia.

Mama Tikiti hakumkumbatia mtu. Alifungua mizigo yake, akaja bombani na dodoki, sabuni na birika la maji ya moto. "Lete hicho kibao," alimwambia Kasi.

Kasi alisugua mpaka mkono ukamuuma. Alipoinua kibao kutazama, Mama Tikiti alikirudisha chini kwa kidole. "Bado. Na kesho mama yako anunue kingine, cha nyama peke yake."

"Atanunua," fundi alijibu kutoka barazani.

"Sikia, binti," Mama Tikiti alisema. "Kinachopita, kipitishie maji. Kinachonasa, kisugue. Kiwe kijidudu, au liwe neno la mama yako."

Barazani, cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.